Je, mama akifunga kula siku tatu, macho yake yatajisafisha?

"Daktari, mama yetu ana miaka 67 na anaishi Ahero. Miezi miwili iliyopita alipimwa macho Kisumu, akaambiwa ana madoa ya njano nyuma ya jicho yanayoitwa druseni, macho yote mawili, hatua ya kati ya ugonjwa wa uzee wa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Anaona bado, lakini kusoma Biblia jioni kumeanza kumshinda. Ana ugonjwa wa sukari kwa miaka 9 na anameza metformini na glibenklamidi. Dada yangu ameona video inayosema mtu akinywa maji matupu kwa saa 72, seli za mwili hujila uchafu wake, kwamba hiyo inaitwa autofaji na ilishinda Tuzo ya Nobel. Kuna mtu pia anauza vidonge vya 'kuwasha jeni za macho'. Mama yuko tayari kuanza Jumatatu. Je, aanze? Au hii autofaji yenyewe ni uongo?"

Asianze. Nalijibu hilo kwanza kwa sababu Jumatatu iko karibu, na hatari ya haraka hapa haiko machoni, iko kwenye glibenklamidi. Dawa hiyo hukamua kongosho litoe insulini, mtu awe amekula au hajala. Nguvu yake inaweza kukaa mwilini siku nzima, na kwa mtu wa umri wa mama, ambaye huenda figo zimeanza kuchoka, hukaa zaidi. Usiku wa kwanza wa kufunga ndio mbaya: sukari inashuka akiwa usingizini, jasho linamtoka, asubuhi anaongea vitu visivyoeleweka na nyumba nzima inadhani ni kiharusi.

Kama tayari ameruka mlo na anatetemeka, anatoka jasho au anachanganyikiwa, mpimeni sukari. Ikiwa chini ya 3.9 (mmol/L), koroga vijiko 4 vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, anywe, mpime tena baada ya dakika 15, mrudie kumpa kama sukari haijapanda, kisha ale chakula kamili. Kama hana kipimo nyumbani, mpe hivyo hivyo bila kungoja. Akiwa hawezi kumeza, msimmiminie chochote mdomoni. Ni hospitali moja kwa moja. Na hata akipata nafuu baada ya maji ya sukari, mpelekeni aonwe, kwa maana dawa bado iko mwilini na sukari inaweza kuanguka tena saa chache baadaye. Kama kufunga kwake ni kwa ajili ya imani, hilo ni jambo la kupanga na daktari wake wa sukari wiki kadhaa kabla, dozi zibadilishwe au dawa yenyewe ibadilishwe.

Sasa tuje kwa swali lako la pili, ambalo kwa kweli ni zuri kuliko la kwanza. Autofaji si uongo. Neno hilo, la asili ya Kigiriki, maana yake ni kujila, nalo lilitungwa na mwanasayansi Mbelgiji Christian de Duve mwaka 1963. Yoshinori Ohsumi wa Japani alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2016 kwa kuonyesha jeni zinazoendesha kazi hiyo, na aliigundua ndani ya hamira, ndiyo, hii ya mandazi. Alizinyima seli za hamira chakula, akazitazama kwa hadubini zikijaza vifuko vya mabaki. Tuzo ilikuwa ya ugunduzi huo. Haikusema popote kwamba mama wa miaka 67 anywe maji siku tatu.

Ukipita soko la Kibuye, Kisumu, upande wa mafundi wa jua kali, utaona pipa la mafuta lililokwisha kazi likipasuliwa, bati lake linyooshwe, na kufika jioni limekuwa majiko mawili. Autofaji ni karakana ya namna hiyo ndani ya seli. Protini iliyopinda, mitokondria (kinu cha nishati cha seli) iliyoharibika, kipande cha utando kilichozeeka, vyote huzungushiwa utando mpya hadi viwe ndani ya kifuko kilichofungwa. Kifuko hicho huungana na lisosomu, chombo chenye asidi na vimeng'enya, na humo mzigo unakatwakatwa kuwa vipande vidogo ambavyo seli inavitumia tena. Kumbuka kwamba kazi ina nusu mbili: kukusanya, na kuchakata. Video nyingi huzungumzia nusu ya kwanza pekee.

Kwa nini jicho linahitaji karakana hii kuliko viungo vingine? Retina hula oksijeni nyingi mno kwa uzito wake, inamulikwa mchana kutwa, na imejaa mafuta laini ambayo oksijeni huyaharibu kwa urahisi. Kila seli inayopokea mwanga ina ncha ndefu iliyopangwa visahani mamia kwa mamia, hadi karibu 1,000, kama sahani za harusi zilizorundikwa. Kila asubuhi mwanga unapoingia, karibu sehemu moja ya kumi ya ncha hiyo hukatika, na visahani vipya huongezwa upande wa chini. Baada ya siku 10 hivi ncha nzima ni mpya.

Vipande vilivyokatika huenda wapi? Nyuma ya retina kuna safu moja ya seli zenye rangi nyeusi, zimebanana kama vigae. Kila moja huhudumia makumi ya seli za mwanga, na kila asubuhi humeza mabaki yao. Mitambo ya autofaji husaidia kuyafikisha mabaki hayo kwenye lisosomu. Panya wa maabara walipoondolewa ATG5, jeni inayohitajika kwa autofaji, kwenye seli hizi tu, mabaki hayakuchakatwa vizuri na macho yao yakaitikia mwanga kwa udhaifu. Na kwa kawaida seli hizi za rangi hazigawanyiki ukubwani. Zile alizokuwa nazo mama akiwa msichana ndizo anazo leo, na zimefagia kila asubuhi kwa miaka 67.

Kwa umri huo, tatizo kubwa huwa kwenye nusu ya pili ya kazi. Lisosomu zinachoka, ndani yake kunabaki masalia ya njano yasiyosagika yaitwayo lipofusini, na foleni inarefuka. Fikiria soko lenye wafagiaji wa kutosha lakini lori la takataka halijafika wiki mbili. Ukiongeza wafagiaji unaongeza marundo. Ndiyo maana kusema tu "amsha autofaji" hakutoshi: kuanzisha zaidi bila kumalizia kunaweza kuongeza mzigo. Tuna mfano hai wa hili. Klorokwini, ile ya malaria ambayo wengi wetu tulikuwa tukipewa zamani, na ndugu yake haidroksiklorokwini inayotumika kwa lupasi na baridi yabisi, hupunguza asidi ndani ya lisosomu. Zikitumika miaka mingi kwa dozi kubwa zinaweza kuharibu retina. Kama mama anatumia haidroksiklorokwini kwa ajili ya viungo, asiiache ghafla, ila mwambieni daktari wa macho: dozi ya kila siku isizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wake, retina ipimwe katika mwaka wa kwanza, na baada ya miaka 5 ipimwe kila mwaka. Kwa mtu ambaye retina yake tayari ina kasoro, au figo zake ni dhaifu, hatusubiri miaka hiyo 5.

Kuna jambo jingine ambalo video haikusema, na kwangu ndilo linaloimaliza hoja yake. Druseni haziko ndani ya seli. Ni amana za mafuta na protini zilizolala chini ya ile safu ya seli za rangi, kati yake na utando inaokalia. Hata karakana ya ndani ingefanya kazi usiku na mchana, haiwezi kufikia taka zilizo nje ya ukuta.

Tuje kwenye jeni, maana ndipo muuza vidonge alipojificha. Kila seli ina kitabu kizima cha jeni lakini husoma kurasa inazohitaji kwa wakati huo. Retina ikipata shida, hubadilisha kurasa, na hufanya hivyo yenyewe, kwa dakika na saa.

Njia ya kwanza: chukua protini iitwayo NRF2. Siku ya kawaida, mwenzake KEAP1 humshika na kumpeleka akavunjwe, kwa hiyo hana maisha marefu. Mwanga mkali au moshi wa sigara unapozidisha kemikali kali za oksijeni, kemikali hizo hugusa salfa iliyo kwenye KEAP1, mshiko unalegea, NRF2 anaponyoka na kuingia kwenye kiini cha seli. Humo huwasha jeni nyingi za kujikinga, zikiwemo za kutengeneza glutathioni, ambayo huzima kemikali hizo. Hata autofaji ina mkono hapa: protini iitwayo p62, inayobeba mizigo kwenda kwenye vifuko, ikirundikana humshika KEAP1, na NRF2 huachiliwa. Takataka zenyewe zinapiga kengele.

Njia ya pili ndiyo video iliyoiegemea. Protini ya TFEB ndiyo msimamizi wa jeni za lisosomu. Seli ikishiba, kipimo chake cha shibe kiitwacho mTOR huibandika TFEB alama ya fosfati na kuifungia nje ya kiini. Njaa ikija, au lisosomu zikipata shida, alama inaondolewa, TFEB inaingia, na seli inajenga lisosomu zaidi. Hadi hapo video ni sahihi. Ila njaa ya tumbo haiwi mara moja njaa ya retina. Ukifunga, ini hutoa sukari kwenye damu kulisha ubongo na macho kwanza. Katika panya, autofaji ya retina hupanda na kushuka pia kwa kufuata usiku na mchana, si kwa kufuata sufuria. Wala hakuna utafiti wa watu uliowahi kuonyesha kwamba kufunga saa 72 kunapunguza druseni au kurudisha uoni.

Njia ya tatu ni ile inayonifanya niogope maneno "kuwasha jeni". Seli ikikosa oksijeni, protini za kundi la HIF hutulia badala ya kuvunjwa, na huwasha jeni ya VEGF, inayoita mishipa mipya ya damu. Utafiti wa namna seli zinavyohisi oksijeni ndio uliowapa wanasayansi Kaelin, Ratcliffe na Semenza Tuzo ya Nobel ya mwaka 2019. Seli inafanya hivyo kwa nia njema, lakini mishipa inayoota chini ya retina ni dhaifu, inavuja maji na damu, na uoni wa katikati unaweza kuharibika ndani ya wiki chache. Huo ndio uzee wa retina wa aina ya majimaji. Sindano tunazochoma ndani ya jicho, bevasizumabu, ranibizumabu au aflibasepti, zinazuia VEGF, yaani tunalipa pesa kuzuia kazi ya jeni iliyokwisha kuwashwa. Sasa muulize muuzaji: kidonge chako kinawasha jeni ipi, katika seli ipi, na kinazimwaje? Akijibu "zote," umepata jibu lako.

Na wingi wa autofaji si heri kila mahali. Katika panya wenye hitilafu ya P23H kwenye rodopsini, protini inayonasa mwanga, hitilafu inayosababisha ugonjwa wa kurithi wa upofu wa usiku, kuichochea autofaji kuliharakisha kufa kwa seli za mwanga, na kuipunguza kukazisaidia. Ugonjwa ni tofauti na wa mama, najua. Nimeutaja ili dada yako aone kwamba mtambo huu si bomba la maji ambalo ukilifungua zaidi ndipo nyumba inakuwa safi zaidi.

Nini basi kina ushahidi? Hatua ya kati maana yake ni kwamba kuna angalau druseni moja kubwa, ya mikroni 125 au zaidi, yaani kama sehemu ya nane ya milimita, au nyingi za saizi ya wastani. Kwa hatua hiyo hasa, mchanganyiko uitwao AREDS2 una msingi: vitamini C miligramu 500, vitamini E yuniti 400, zinki miligramu 80, shaba miligramu 2, lutini miligramu 10 na zeaksanthini miligramu 2 kwa siku. Mchanganyiko wa kwanza wa aina hii, uliochapishwa mwaka 2001, ulipunguza hatari ya kufika hatua ya mwisho kwa karibu robo katika miaka 5. Haurudishi uoni, hauondoi druseni, na kwa walio hatua ya mwanzo haukuonyesha faida. Soma lebo kwa namba hizo, usisome picha ya jicho iliyo kwenye boksi. Multivitamini ya kawaida haifiki hapo. Ameze akiwa amekula, zinki ikikuta tumbo tupu hutia kichefuchefu. Daktari akague kwanza kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda au ana shida ya figo, na kwa aliyewahi kuvuta sigara, vyenye beta-karotini aviepuke, kwani viliongeza saratani ya mapafu kwa wavutaji.

Pesa zikiwa kidogo, anzeni na sahani. Osuga (mnavu), dek (mgagani), ododo (mchicha), boo (majani ya kunde), sukuma wiki: mboga hizi za kijani kibichi ndizo zenye lutini, na mama huenda anazijua kuzipika kuliko mimi kuzieleza. Lutini huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo ule utaratibu wa kumalizia dek kwa maziwa au kijiko cha mafuta una maana. Samaki mara mbili kwa wiki, omena wakiwemo, ni wazuri; vidonge vya omega-3 vilipojaribiwa havikuongeza faida. Kama nyumbani kuna anayevuta sigara, hapo ndipo pa kupigana vita. Uvutaji ndio hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huu ambayo mtu anaweza kuibadilisha.

Sukari nayo ina njia yake ya kuharibu retina, tofauti kabisa na druseni. Apimwe kila mwaka mboni zikiwa zimepanuliwa kwa dawa. Siku hiyo asiende peke yake. Macho yatakuwa na ukungu saa 4 hadi 6, na kurudi Ahero kwa boda akiwa hivyo si busara. Msikimbilie pia kuiteremsha sukari iliyokaa juu miaka mingi kwa wiki chache, kwa kuwa kuishusha ghafla kunaweza kuzidisha kwa muda uharibifu wa sukari machoni. Ishuke, lakini kwa mpango.

Kipimo ambacho kitamsaidia kuliko vyote hakigharimu kitu. Chukua karatasi nyeupe, rula na kalamu nyeusi. Chora mraba wa sentimita 10 kwa 10, ugawe kwa mistari kila milimita 5, upate miraba midogo 20 kwa 20, kisha weka nukta nzito katikati. Kitabu cha hesabu cha miraba kinafaa pia, mradi mistari uipitie kwa kalamu ionekane wazi. Ubandike karibu na kalenda, mahali penye mwanga. Mama avae miwani yake ya kusomea, akae umbali wa sentimita 30 hivi, afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, atazame nukta tu. Muulize: unaona pembe zote nne? Kuna mstari uliopinda, uliokatika au wenye ukungu? Kisha jicho la pili. Watu hukosea mara mbili hapa: wanatazama kwa macho yote mawili, na jicho zima linaficha aibu ya jicho bovu, au wanaifuata mistari kwa macho badala ya kutulia kwenye nukta. Siku ya kwanza andika anachokiona, ili mabadiliko yajulikane. Dakika mbili, mara mbili kwa wiki.

Mstari ulionyooka jana ukipinda leo, au doa jeusi likitokea katikati, aonwe ndani ya siku chache, asingoje kliniki ya mwezi ujao. Sindano huokoa zaidi zikiwahi. Akiona mimweko kama radi, vitone vingi vyeusi kwa ghafla, au pazia linalofunika upande mmoja, ni siku hiyo hiyo. Kisumu kuna Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, na Vihiga kuna hospitali ya macho ya Sabatia. Pigeni simu kabla ya kutoka, ulizeni kama daktari wa retina yupo siku hiyo na kama mashine ya OCT, ile ya kupiga picha ya tabaka za retina, inafanya kazi. Bebeni orodha ya dawa zote, hata za mitishamba. Na wewe na dada yako mkifika miaka 50, mpimwe pia, kwani hatari hii hufuata damu.

Hiyo ya Biblia ya jioni msidhani moja kwa moja ni druseni. Katika umri wake mtoto wa jicho ni wa kawaida na hutibika kwa upasuaji. Ulizeni kama wameuona. Lakini druseni nazo zinaweza kuleta shida hiyo hiyo: zile seli za rangi ndizo zinazorudisha vitamini A kwenye seli za mwanga, na zikilemewa, jicho huchelewa kuzoea giza na mwanga hafifu wa jioni. Hamisheni taa. Ile ya darini haitoshi; nunueni taa ya LED yenye shingo inayokunjika, ikae nyuma ya bega upande wa jicho analoona nalo vizuri, mwanga uangukie ukurasa na si uso wake. Kama herufi bado zinamchosha, kuna Biblia za maandishi makubwa, na Dholuo ni mojawapo ya lugha za kuulizia dukani.